Dawa imo ndani ya bangi, lakini bangi yenyewe si dozi

Juma lililopita baba mmoja aliniwekea kwenye kaunta ya famasia chupa ya kahawia isiyo na lebo, yenye mafuta ya kijani, akataka nimwambie mwanawe mwenye kifafa apewe matone mangapi. Nilipomjibu kwamba sijui, na kwamba hata aliyemuuzia hajui, alisema lile ambalo masikio yangu yamelichoka: "Lakini dokta, bangi ni dawa, hata Rwanda wameiruhusu."

Rwanda iliridhia mwaka 2020 kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuzwa nje. Kuivuta huko bado ni kosa, kama ilivyo hapa Tanzania. Hilo nalipita upesi, kwa sababu linaloniudhi ni jinsi neno "dawa" linavyotumiwa.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa, ile kemikali ya bangi isiyolevya, kwa aina mbili za kifafa sugu, Dravet na Lennox-Gastaut, wala si kwa kila degedege. Kila mililita ina miligramu 100. Mtoto wa kilo 20 huanza na miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, yaani nusu mililita kila mara, inayopimwa kwa bomba lisilo na sindano, kisha dozi hupandishwa polepole huku ini likifuatiliwa, hasa ikiwa anatumia pia valproate, dawa ya kawaida ya kifafa. Sasa, tone moja la chupa ile ya kahawia lina miligramu ngapi, na za kitu gani?

Hata hivyo, sitajifanya kwamba mambo yote yamekwisha kujulikana. CBD huongeza mwilini kemikali itokanayo na clobazam, dawa nyingine ya kifafa ambayo wengi wa watoto waliofanyiwa majaribio walikuwa wakiinywa, na ndiyo maana wapo wanaouliza ni nafuu kiasi gani iliyoletwa na CBD yenyewe. Naamini ina kazi yake, lakini swali hilo hunikosesha raha kila ninapolikumbuka. Kwa maumivu sugu, mashaka yangu ni makubwa zaidi.

Nao wanaoapa kwamba mmea huu hauna lolote la tiba wanakosea vilevile: dronabinol, yaani THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, iliyotengenezwa maabara, iliidhinishwa Marekani tangu mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wanaotibiwa saratani. Ama anayetaka bangi ya starehe ihalalishwe, kama Kanada ilivyofanya mwaka 2018, na atetee hoja yake kwa uhuru wa mtu na kwa vijana wanaojaza magereza, nami nitamsikiliza. Asimtangulize mtoto mgonjwa kuwa ngao yake.

Nilimuuliza yule baba kama mtoto bado anakunywa dawa za hospitali. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema walimwachisha siku ile ile waliponunua mafuta. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi na lisikome, kwa hiyo mazungumzo ya bangi yaliishia hapo, nikawaandikia barua ya kurudi kliniki siku hiyo hiyo.