Maana ya "kugundua" mahali katika jiografia

Mtu aliyesimama mlangoni akipapasa mifuko husema, "Nimegundua ufunguo umebaki ndani," na hakuna anayemsikia akadhani kwamba ufunguo huo haukuwapo kabla yake. Katika Kiswahili cha kila siku, kitenzi kugundua hueleza badiliko linalotokea katika ujuzi wa msemaji, wala si katika kitu chenyewe. Utata huanza pale neno hilohilo linapoingia katika somo la jiografia na mwanafunzi akafundishwa kwamba Mjerumani Johannes Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, kana kwamba Wachaga waliokuwa wakilima migomba kwenye miteremko yake walikuwa hawajawahi kuinua macho.

Kwa wanajiografia, kugundua mahali kuna maana finyu kuliko tunavyodhani. Ni kuliingiza eneo katika ujuzi wa pamoja kwa namna ambayo mtu asiyewahi kufika huko anaweza kulitafuta, akalifikia na kuhakikisha kwamba aliyoelezwa ni ya kweli. Ndiyo maana hutajwa latitudo, longitudo, kimo kutoka usawa wa bahari, na njia iliyofuatwa. Kuona kwa macho ni mwanzo wake tu, na mara nyingi aliyeona kwanza siye anayeandikwa.

Kilimanjaro chenyewe ni mfano mzuri. Tarehe 11 Mei 1848, yapata saa nne asubuhi, Rebmann alikuwa njiani kuelekea Uchagani, akitokea misheni ya Rabai karibu na Mombasa, alipoona juu ya mlima mmoja weupe aliodhani kuwa ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake, Bwana Kheri, ni kitu gani kile, alijibiwa kuwa ni baridi tu. Wapo wanaolicheka jibu hilo, lakini mimi naliona kuwa la mtu makini, kwa sababu Bwana Kheri hakubuni jina la kitu asichokifahamu, bali alitaja kile ambacho waliokaribia kilele walikuwa wamekihisi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, alitambua mara moja kwamba alikuwa akiitazama.

Habari hiyo ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani aliyekuwa akifanya kazi yake London bila kuwahi kufika Afrika Mashariki, alikataa katakata kwamba theluji ingeweza kudumu karibu na ikweta. Ubishi huo ulikwenda miaka kadhaa. Uliisha nguvu baada ya msafiri Mjerumani Karl Klaus von der Decken kuupanda mlima mwaka 1861, na tena mwaka 1862 akiwa pamoja na Otto Kersten, walipofika zaidi ya mita 4,000 na kuchukua vipimo, ijapokuwa kilele chenye mita 5,895 kilisubiri hadi mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipokifikia. Kwa hiyo Wachaga waliujua mlima, Rebmann akaleta habari zake, Decken na wenzake wakazipima. Na vitabu vyetu huyakunja mambo hayo yote ndani ya neno moja.

Tofauti kati ya kujua na kupima huonekana waziwazi zaidi katika habari za maziwa makuu. Mmisionari mwenzake Rebmann, Jakob Erhardt, alipokuwa pwani aliwauliza watu wa misafara waliokuwa wakienda bara kwa njia mbalimbali, na kila mmoja, awe ametoka njia ya kusini au ya Unyamwezi, alimweleza kwamba mwisho wa safari yake ulikuwa kwenye maji makubwa. Erhardt akayaunganisha maji hayo yote, akachora bahari moja ndefu ya ndani ya nchi, yenye umbo la koa, yaani konokono asiye na nyumba. Hakuna aliyemdanganya: kila msafiri alisema kweli juu ya ziwa lake, ila hakukuwa na vipimo vya kuonyesha kwamba maziwa yalikuwa matatu. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mfanyabiashara wa Kiarabu Snay bin Amir aliwaeleza kwamba koa yule alikuwa Nyasa, ziwa la Ujiji (yaani Tanganyika) na ziwa la Ukerewe (Viktoria ya leo), yaliyounganishwa kwa makosa.

Speke aliliona ziwa hilo la tatu mwaka 1858, akifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wake kwa Kihindustani. Kimo cha ziwa alikipata kwa kuchemsha maji. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua na maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300, kwa hiyo ukingoni mwa ziwa lile, lililo juu ya mita 1,100, sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Sufuria, moto na kipimajoto: kwa vifaa hivyo alitambua kwamba ziwa hili liko juu zaidi kuliko Tanganyika, na akasadiki kwamba ndilo chanzo cha Mto Nile.

Burton hakukubali, na kwa maana tuliyoieleza alikuwa na haki ya kutokubali, maana Speke alikuwa ameona kipande cha kusini tu na hakulizunguka ziwa. Hata safari yake ya pili, iliyomfikisha mwaka 1862 pale mto unapotoka ziwani, Jinja ya leo, haikuwanyamazisha wapinzani. Ilibidi Henry Morton Stanley alizunguke kwa mashua mwaka 1875 ndipo ikathibitika kwamba ni ziwa moja lenye mlango mmoja mkubwa wa kutokea maji. Speke alikuwa amefariki tangu 1864.