"Kusini ni mbali": yanayosemwa kuhusu kipato cha Mtwara na Lindi

Dhana: Kusini ni maskini kwa sababu iko mbali.

Mbali na wapi? Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na hazijapungua hata moja. Zilizopungua ni siku. Waliosafiri miaka ya tisini wanaikumbuka pantoni ya Ndundu kwenye Mto Rufiji: basi limezimwa kwenye foleni, abiria wametandika khanga kivulini, na masika yakikolea njia inakatika kabisa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, lami ikaja kumalizika miaka kadhaa baadaye, na sasa ni safari ya kutwa. Siku zile za matope alizilipa mkulima. Mwenye lori hakuzitoa mfukoni mwake. Alizipunguza kwenye kilo ya korosho, kisha akaziongeza kwenye bati na saruji alizoleta.

Na huo umbali uliwahi kuwa mtaji. Jahazi la Uarabuni lilifika Kilwa, kisiwa cha pwani ya Lindi, kwa kaskazi na kurudi kwa kusi ndani ya msimu mmoja. Kuvuka hapo hadi Sofala, pwani ya Msumbiji, na kuwahi kurudi ilikuwa shida. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala ikapitia Kilwa, na msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika 1331 aliukuta mji wa kusifiwa. Kisiwa ni kilekile, pepo ni zilezile. Biashara ndiyo iliyohama.

Dhana: Penye bandari nzuri, utajiri utafuata.

Bandari ya Mtwara ina kina cha asili. Ilijengwa kati ya 1948 na 1954 kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea, kwenye mashamba yake. Karanga zikashindwa hata kabla bandari haijakamilika, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Meli hufuata mzigo.

Dhana: Mchanga mtupu, kitaota nini?

Mkorosho! Unaukubali mchanga ambao mahindi yangeukimbia. Kinachousumbua ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ndiyo maana mkulima hulilia salfa, dawa yake, ifike kabla ya maua. Tabu ya mchanga iko kwenye maji. Uwanda wa Makonde hunywa mvua yote, na maji huja kutokea chini kabisa, mabondeni. Huko Newala vijiji viko juu, chemchemi ziko chini ya genge. Mama akishuka alfajiri na ndoo, akarudi jua limeshapanda, palizi imeshampita. Saa hizo haziandikwi kwenye takwimu yoyote ya pato, ingawa mimi ningeanza nazo.

Dhana: Gesi imepatikana, basi kila mtu kipato kimepanda.

Pato la mkoa huhesabu thamani pale inapozalishwa, kisha hugawanywa kwa vichwa vyote. Halimuulizi mtu faida imeishia wapi. Gesi ya Mnazi Bay, pwani ya Mtwara, iligunduliwa 1982, ikaanza kuchimbwa 2006, na bomba la kuipeleka Dar likakamilika 2015. Korosho nazo nyingi hupakiwa melini zikiwa ghafi, zikabanguliwe India na Vietnam, na ujira wa kubangua unabaki hukohuko. Mama wa Msimbati, jirani na gesi hiyo, anayepikia kuni naye yumo kwenye wastani huo wa gesi, kichwa kimoja kama vingine.