Filamu za Kiitaliano za Misuli na Panga: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kati ya mwaka 1958 na 1965, Italia ilitoa zaidi ya filamu mia moja zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja: pandikizi la mtu kifua wazi, mtawala dhalimu, malkia mrembo mwenye roho mbaya, zimwi pangoni, na jumba la nguzo linaloporomoka mwishoni. Wahakiki wa Ufaransa walizipa jina la peplum, na wapenzi wa sinema wanalitumia hadi leo. Mimi nazipenda filamu hizi kwa dhati, na nimechoka kuzisikia zikitajwa kama takataka za kuchekea usiku wa manane. Mengi yanayosemwa juu yake hayana mashiko.

“Ni Ben-Hur ya bei poa”

Tarehe zenyewe zinakataa. Filamu iliyofungua mlango, Le fatiche di Ercole ya mwongozaji Pietro Francisci, ilianza kuonyeshwa Italia Februari 1958. Ben-Hur, filamu kubwa ya Wamarekani kuhusu enzi za Roma ya kale, ilitoka Novemba 1959, tena ilirekodiwa Cinecittà, studio za Roma zilizofunguliwa mwaka 1937. Hollywood ndiyo iliyofunga safari kwenda kwa mafundi wa Kiitaliano.

Na mafundi hao walikuwa na asili ndefu. Mwaka 1914, Giovanni Pastrone alitoa Cabiria, filamu bubu kuhusu vita vya Roma na Carthage, dola la kale la Afrika Kaskazini. Ndani yake yumo mtumwa mwenye nguvu za ajabu aitwaye Maciste, jina lililobuniwa na mshairi Gabriele D'Annunzio. Aliyeigiza nafasi hiyo, Bartolomeo Pagano, alikuwa kuli wa bandari ya Genova. Watazamaji walimpenda Maciste kuliko bwana wake, na mwaka uliofuata akapewa filamu yake mwenyewe, kisha nyingine, na nyingine tena hadi miaka ya 1920.

Kuna jambo hapa ambalo sisi wasomaji wa Afrika tunapaswa kulitazama kwa jicho kali. Katika Cabiria, Maciste ni Mwafrika, na Pagano alipakwa rangi nyeusi mwili mzima ili amwigize. Filamu iliyofuata ilipotoka, rangi ilikuwa imefutwa na Maciste amekuwa Mwitaliano mweupe, bila maelezo yoyote. Mbabe aliyependwa kuliko wote katika sinema ya Italia alianza kama mtu wa bara letu, akapendwa, kisha akanyang'anywa asili yake. Ninazipenda filamu hizi nikijua hivyo, wala sioni sababu ya kulinyamazia.

“Zote ni hadithi za Hercules”

Hapana. Hercules, au Ercole kwa Kiitaliano, yule mbabe wa ngano za Kigiriki, yumo katika sehemu tu ya filamu hizi. Maciste alirudi mwaka 1960 na akawa na filamu nyingi kuliko yeye. Wasambazaji wa Marekani waliona watu wao hawamjui Maciste, basi wakambadilisha jina kila alipovuka bahari: leo Hercules, kesho Samson, keshokutwa Goliath au mwana wa Hercules. Ndiyo maana anayezitazama kwa Kiingereza huona hadithi haziungani.

Maciste hafungwi na zama wala nchi. Mwaka 1961 yuko katika kasri la Khan Mkuu huko Asia na pia anapambana na mnyonya damu. Mwaka 1962 anaibukia Scotland ya wachawi na kushuka jehanamu. Mwaka 1964 anakabiliana na watu wa mwezini. Palipo na wanyonge wanaoonewa, anatokea. Anayelalamika kwamba historia imepindishwa humo anadai kitu ambacho filamu hizi hazikuwahi kukiahidi.

Hata majina ya waigizaji hayakuwa kama yalivyoonekana. Kirk Morris ni Adriano Bellini wa Venice. Alan Steel ni Sergio Ciani. Waliitwa hivyo kwa sababu jina la Kimarekani liliuza tiketi, hata ndani ya Italia.

“Midomo na sauti haviendani kwa sababu ya umaskini”

Anayefuatilia tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili anakijua kitu hiki: mdomo umefunga, neno bado linaendelea. Lakini katika Italia ya miaka ile, karibu filamu zote, ziwe za gharama kubwa au ndogo, ziliingizwa sauti baadaye studioni. Federico Fellini, mwongozaji Mwitaliano ambaye hakuna anayemwita mbabaishaji, aliweza kumwambia mwigizaji ahesabu tu namba mbele ya kamera, maneno yatakuja baadaye. Katika filamu moja, Mmarekani alisema Kiingereza, Mwitaliano Kiitaliano, na Mhispania lugha yake. Hakukuwa na lugha ambayo midomo yote ingelingana nayo. Steve Reeves, Mmarekani aliyekuwa Ercole wa kwanza wa filamu hizi, aliingizwa sauti ya mtu mwingine hata kwa Kiingereza, lugha yake ya kuzaliwa. Hata Christopher Lee, mwigizaji Mwingereza mwenye sauti inayotambulika popote, yalimpata hayohayo.

“Bajeti ndogo, ufundi mdogo”

Hapa ndipo ninapokasirika hasa, kwa sababu ukweli umekaa upande wa pili kabisa.

Mchukue Mario Bava, mpiga picha na mwongozaji. Baba yake, Eugenio, alikuwa mchongaji na fundi wa mazingaombwe ya kamera tangu enzi za filamu bubu, na kijana akairithi kazi. Bava ndiye aliyepiga picha na kutengeneza taa za Le fatiche di Ercole. Mwaka 1961 akapewa kuongoza Ercole al centro della Terra, akiwa na Reg Park kama Ercole, Christopher Lee kama adui, na fedha kiduchu. Kwa maelezo yake mwenyewe, seti yake ilikuwa ukuta wa vipande vinavyohamishika, wenye milango na madirisha, pamoja na nguzo nne za kusogezwa. Alizipanga hivi, akapiga picha. Akazipanga vile, akapiga tena. Katika filamu iliyokamilika unaona kasri, hekalu, mapango na njia za kuzimu, na hutajua kwamba ni nguzo zilezile nne.

Siri yake ilikuwa taa. Bava alimwaga kijani ukuta huu, zambarau ule, nyekundu nyuma ya moshi, na giza pale ambapo fedha ziliishia. Tazama mapambano ya mwisho: vifuniko vya majeneza ya mawe vinasogea taratibu, vidole vinatokeza penye ufa, kisha wafu wanainuka na kumrukia Ercole kutoka hewani. Walikuwa watu waliotundikwa kwa waya. Lakini mwanga umepangwa ili jicho liifuate kucha na kuusahau waya, na mikato ni ya haraka kiasi kwamba akili inamalizia yenyewe. Nimeona filamu za mamilioni ya dola zisizo na dakika moja yenye ndoto kama ile.

Naye hakuwa peke yake. Carlo Rambaldi alitengeneza mazimwi ya Perseo l'invincibile ya mwaka 1963, likiwemo Medusa lenye jicho moja linalotembea kama mti uliong'oka. Baadaye akashinda tuzo za Oscar kwa kazi yake katika Alien na E.T. Sergio Leone alimalizia Gli ultimi giorni di Pompei mwaka 1959 baada ya mwongozaji Mario Bonnard kuugua, na filamu ya kwanza yenye jina lake kama mwongozaji ni Il colosso di Rodi ya 1961. Vittorio Cottafavi, aliyeongoza Ercole alla conquista di Atlantide, alisifiwa na wahakiki wa Ufaransa wakati wengine wakimpuuza.

Kubana matumizi kulikuwepo, tena waziwazi. Seti zilizoachwa na filamu moja zilitumiwa na nyingine, picha za vita kubwa zilikatwa na kuunganishwa upya. Maporomoko ya Monte Gelato, karibu na Roma, yanaonekana katika filamu nyingi mno hivi kwamba mzoefu huyasalimia kama jirani. Na hatari ilikuwa ya kweli: katika Gli ultimi giorni di Pompei, gari la farasi la Reeves liligonga mti na bega lake likateguka.

“Ni mabaki ya ufashisti”

Hoja hii ina uzito, haifai kutupwa tu. Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia, aliitukuza Roma ya kale, na filamu ya Scipione l'Africano ya mwaka 1937 ilitengenezwa kuhalalisha uvamizi wa Ethiopia. Mwili mweupe wenye misuli unaowaokoa watu dhaifu wa nchi za mbali unabeba fikra za kikoloni. Msomi Mwingereza Richard Dyer ameliandika hilo kwa kina. Nakubaliana naye.

Hata hivyo, fuata hadithi zenyewe. Karibu kila mara adui ni mtawala aliyejitwalia kiti kwa hila, mwenye walinzi na wachimba migodi waliofungwa minyororo. Steringi anawafungua, wanainuka naye, dhalimu anaanguka. Kisha anakabidhiwa shukrani, pengine kiti chenyewe, naye anaondoka. Dikteta hafanyi hivyo. Watazamaji wa Italia waliokuwa wameishi chini ya Mussolini kwa miaka zaidi ya 20 waliielewa tofauti hiyo bila kufundishwa.

“Ni matangazo tu yaliyowavuta watu”

Joseph E. Levine, msambazaji wa filamu Mmarekani, alinunua haki za Marekani za Le fatiche di Ercole kwa takriban dola 120,000, akatumia zaidi ya dola milioni moja kuitangaza, na mwaka 1959 akaipeleka kwa nakala zipatazo 600 kwa mpigo. Lakini alinunua kitu kilichokwisha kujaza kumbi za Italia bila yeye.

Waliojaza kumbi hizo walikuwa wafanyakazi na wakulima, watu wa miji midogo na pembezoni mwa majiji, nchini ambako mwaka 1955 ziliuzwa tiketi za sinema zaidi ya milioni 800. Wengi walikuwa wanahama shamba kwenda kiwandani, mahali ambapo mashine ilikuwa inaipunguzia thamani nguvu ya mkono. Kwenye skrini wanamwona Reeves anang'oa mti ili kulizuia gari la farasi waliochachamaa. Mwishoni anazungusha minyororo kwenye nguzo za kasri, anavuta, mishipa imemtoka shingoni, na jumba la mfalme linashuka. Nguvu ya mwili wa kawaida, ile ya kubeba magunia, inakuwa kitu kinachoangusha utawala. Mvuto wake ninauona hapo, na sioni cha kuchekesha.

Kijana mmoja wa Austria alimtazama Reg Park katika nafasi ya Ercole na akaamua kuwa kama yeye. Aliitwa Arnold Schwarzenegger.

“Zilikufa kwa sababu watu walizidharau”

Zilikufa kwa sababu mafundi walewale walihama. Mwaka 1964 Leone, akiwa na Duccio Tessari miongoni mwa waandishi, alitoa Per un pugno di dollari, filamu ya kikauboi, na watayarishaji wakaona farasi na bastola vina faida kuliko panga na hekalu. Ndani ya muda mfupi panga na makubadhi vilikuwa vimewekwa stoo.

Dharau ilikuja baadaye, na imetokana zaidi na nakala mbovu. Filamu hizi zilipigwa kwa picha pana yenye rangi kali. Televisheni zilipozinunua, pande zote mbili zilikatwa ili zienee kwenye kioo, rangi zikafifia hadi kuwa waridi, na katikati ya skrini ikabaki nusu ya bega la mtu anayeongea na mwenzake asiyeonekana. Siku hizi nyingi zimesafishwa upya. Ukitaka kuanza, tafuta Ercole al centro della Terra yenye picha pana kamili na sauti ya Kiitaliano, zima taa chumbani, na uitazame kuanzia mwanzo bila kurukia vipande.