Nani Alibeba Mzigo? Vitabu Nilivyosoma Msimu Huu wa Korosho

Kitabu kilichonishika zaidi msimu huu si riwaya, na wala hakikuandikwa kwa Kiswahili. Ni *African Dinosaurs Unearthed* cha Gerhard Maier, kilichotoka mwaka 2003. Kinasimulia uchimbaji wa mifupa ya mijusi ya kale kule Tendaguru, kilima kilicho umbali wa kilometa 60 hivi kutoka hapa Lindi mjini. Mimi kazi yangu ni kufundisha fasihi ya Kiswahili, sijui jiolojia. Lakini nimekisoma kama ninavyosoma hadithi yoyote: naangalia nani anasema, nani anatajwa kwa jina, na nani anapita tu nyuma ya jukwaa akiwa na mzigo kichwani.

Wengi tunaijua habari hii juu juu. Mjusi wa Tendaguru yuko Berlin, na kila baada ya muda wabunge na wananchi wanauliza atarudi lini. Maier anaingia ndani zaidi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba hapo na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake. Mfupa mkubwa ulifungwa kwa fito za mianzi zilizopangwa kuuzunguka, usivunjike njiani. Kisha ukabebwa na watu kwa miguu, siku kadhaa porini, hadi bandari ya Lindi. Leo baadhi ya mifupa hiyo imeunganishwa na kusimama zaidi ya meta 13 ndani ya ukumbi wa makumbusho.

Kwenye kazi ile walikuwepo vibarua kwa mamia. Mmoja jina lake linajulikana vizuri: Boheti bin Amrani, msimamizi na fundi mkuu wa kusafisha na kutayarisha mifupa. Nilipofika kwake nilisoma polepole, nikarudia kurasa. Waliobaki wengi ni idadi tu. Simlaumu Maier kwa hilo. Mwanahistoria anafungwa na hati, na hati nyingi zilizosalia ziliandikwa na Wazungu waliosimamia kazi. Pale hati iliponyamaza, mwanahistoria mwaminifu naye ananyamaza. Huo ndio mpaka wa utanzu wake, na ni mpaka wa heshima.

Riwaya haina mpaka huo. Ndiyo maana nilifurahi kukisoma kitabu cha Maier sambamba na *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikafasiriwa na Dkt. Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Humo nako kuna wapagazi, tena safari nzima ya biashara kuelekea bara, na mnyapara Mohammed Abdalla akiwaswaga. Ila mwandishi ana ruhusa ya kuingia moyoni mwa kijana Yusuf, aliyewekwa rehani na baba yake kwa tajiri Aziz ili kulipia deni.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ndogo sana. Yusuf amezoea kumwita Aziz ami. Anapofika dukani, Khalil, kijana mwenzake aliyetangulia kuwekwa rehani, anamkatalia kabisa: huyu si ami yako, mwite seyyid, yaani bwana. Kwa kusahihishwa namna ya kuita tu, mtoto anajua kwamba ameuzwa. Sisi watu wa pwani tunaelewa bila kuelezwa, kwa sababu kwetu namna unavyomwita mtu ndiyo inayoonyesha umekaa wapi mbele yake. Nadhani riwaya hii imepata nguvu mpya kwa Kiswahili. Mazungumzo yaliyokuwa yamevaa nguo za ugenini yamerudi nyumbani. Kasoro ninayoiona ni kwamba katikati, safari ya bara inakuwa ndefu, na msomaji asiye mvumilivu anaweza kukiweka kitabu chini. Asikiweke. Mwisho wake, Yusuf anapoukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani, hauna nguvu kwa mtu ambaye hakuchoka pamoja naye njiani.

Nimerudia pia *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969 juu ya Vita vya Maji Maji na mganga Kinjeketile, aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Mtunzi ni mzaliwa wa Kilwa, mkoa huuhuu wetu. Walimu wengi huifundisha kama somo la umoja na ujasiri, na nionavyo mimi wanaipunguza. Tazama inavyoanza: hatuanzi na mganga wala na vita. Tunaanza na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumza juu ya chakula kilivyokuwa haba, huku waume zao wakitumikishwa kwenye shamba la Bwana Kinoo. Hussein anatuonyesha njaa kwanza, ndipo anatuonyesha maji. Na pale mwishoni, askari wanapomtesa Kinjeketile aseme kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, ijapokuwa yeye mwenyewe ana mashaka nayo. Anajua kwamba akikiri, vizazi vitakavyokuja vitaambiwa kuwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Tamthilia pekee ndiyo inayoweza kumweka mtu mbele yetu na imani na shaka kwa pamoja, bila msimulizi wa kutuamulia.

Ukiviweka vitabu hivi pamoja, tarehe zinaanza kusemezana. Vita vya Maji Maji vilipiganwa 1905 hadi 1907, na njaa kali ikafuata nyuma yake. Uchimbaji wa Tendaguru ukaanza 1909. Kwa hiyo waliobeba ile mifupa walikuwa watu waliotoka kwenye vita na njaa, na kodi ya Mjerumani ikiwangoja. Maier anatupa kazi waliyoifanya, Hussein anatupa kilichokuwa kimewasibu kabla yake. Nisingeyaona haya kwa kusoma utanzu mmoja peke yake.

Kuhusu kumbukumbu za Mzee Benjamin Mkapa, *My Life, My Purpose* za mwaka 2019, nitasema kidogo. Kurasa za Lupaso na za shule ya Ndanda ndizo bora kwangu, kwa vile ni nadra kuiona Masasi ikiandikwa na mtu aliyekulia pale. Namheshimu pia kwa kukiri waziwazi kwamba mauaji ya Zanzibar ya Januari 2001 ni doa katika urais wake. Zinapofika sera na mageuzi ya uchumi, sauti ya mtoto wa Lupaso inapotea, inabaki sauti ya Ikulu.

Na kwa mapumziko nilisoma *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, cha 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake bado hajapata mpinzani. Fumbo limesukwa vizuri, na Kiswahili chake ni cha kunywa taratibu.

Nimebakisha utenzi. *Utenzi wa Vita vya Maji Maji* ulitungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi hapahapa, si muda mrefu baada ya vita. Ulichapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Kwa asiyeujua utanzu huu: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani (yaani silabi) nane, na kina cha kipande cha mwisho kinarudi katika utenzi wote. Umbo hilo linakwenda mbio. Mtunzi hana nafasi ya kutua na kueleza moyo wa mtu kama Gurnah, wala kumwachia mtu abishane na nafsi yake kama Hussein. Ila ana kitu ambacho wote wale hawana: alikuwepo. Alitunga wakati Mjerumani bado anatawala, na unaposoma lazima ujiulize kila mara ni lipi alilisema kwa kuamini na lipi kwa kuchunga shingo yake.

Hiki ndicho kitabu nilichopata taabu kukipata kuliko vyote, na hilo linaniuma. *Peponi* unaagiza Dar es Salaam, unaletewa na basi. *Kinjeketile* imejaa mashuleni. Utenzi wa mtu wa Lindi, juu ya vita vya Lindi, kijana wa Lindi hawezi kuununua. Nawaomba wachapishaji wauchape upya kwa Kiswahili, uwe na ufafanuzi wa maneno ya zamani na ramani ya Umatumbi, Liwale na pwani yote hadi Mikindani, kwa bei ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaimudu. Kazi ya kuandika maelezo yake niko tayari kuifanya bila malipo.