Swali la utafiti lina mwenyewe

Kazi yangu ni kuratibu tafiti za afya zinazofanywa kwa ushirikiano na jamii za asili. Wengi wakisikia neno kuratibu hudhani ni kupanga vikao, kukusanya ripoti na kufuatilia fedha za mfadhili. Hayo yamo. Ila sehemu nzito ya kazi hii hufanyika kabla dodoso halijaandikwa, na ndiyo sehemu ambayo bajeti nyingi huisahau.

Nianze na pengo lenyewe. Watu wa jamii za asili wanakadiriwa kuwa takriban milioni 476 duniani, katika nchi zipatazo 90. Mwaka 2016 jarida la tiba la Lancet lilichapisha ulinganisho wa afya ya jamii za asili 28 katika nchi 23. Mara nyingi hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wananchi wenzao: vifo vya watoto wachanga vingi zaidi, umri wa kuishi mfupi zaidi. Lakini ukubwa wa pengo haukuwa mmoja, na utajiri wa nchi haukutosha kuliziba. Kwa hiyo dawa iliyofaa jamii moja huwezi kuibeba ilivyo ukaipeleka kwa nyingine.

Tena kuna tatizo la kuhesabu. Katika nchi nyingi kumbukumbu za hospitali hazionyeshi mgonjwa anatoka jamii gani. Anaugua, anatibiwa au anafariki, naye anamezwa ndani ya wastani wa taifa. Mtafiti akiliona hilo, pendekezo lake la kwanza ni kuongeza kipengele cha asili ya mtu kwenye fomu. Kitakwimu yuko sahihi. Ila zipo jamii ambazo orodha za namna hiyo ziliwahi kutumika kuwahamisha kwenye ardhi yao au kuwanyang'anya watoto wao. Mzee anapoikunjia uso fomu hiyo, ujinga haumo hata kidogo, anakumbuka. Swali lake ni jepesi: orodha hiyo atakaa nayo nani? Mradi usio na jibu la swali hilo haujawa tayari kuanza, hata kama kamati ya maadili imeshaupitisha.

Kila mtafiti kijana anayejiunga nasi namsimulia habari ya Wahavasupai, wanaoishi ndani ya bonde la Grand Canyon huko Marekani. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu yao kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, wakiamini inachunguzwa kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwaumiza sana. Baadaye waligundua kuwa sampuli zilezile zilitumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), ndoa za ndugu kwa ndugu, na asili ya wahenga wao, jambo lililogongana na simulizi zao wenyewe kuhusu walikotoka. Walikwenda mahakamani mwaka 2004. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Fomu za ridhaa zilikuwepo na zilitiwa saini. Kilichokosekana ni makubaliano ya wazi kuhusu kuitumia damu hiyo kwa utafiti mwingine, na mtu wa kuwauliza tena.

Kisa kingine hakihusu damu. Mwaka 1979 ulifanyika utafiti wa unywaji pombe katika mji wa Alaska, Marekani, ulioitwa Barrow wakati huo (sasa Utqiaġvik), wanakoishi Wainupiat, jamii ya asili ya huko. Matokeo yalifika magazetini kabla wakazi hawajapata nafasi ya kuyajadili, na mji mzima ukachafuliwa jina. Kamati nyingi za maadili hupima madhara kwa mtu mmoja mmoja: je, jina lake limefichwa? Barrow inaonyesha kuwa unaweza kuficha majina yote na bado ukaiumiza jamii nzima.

Jamii zenyewe hazikukaa kimya. Mwaka 1998 Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za asili za Kanada, yaliweka misingi minne kuhusu takwimu zao: umiliki, udhibiti, haki ya kuzifikia, na kuzishika mikononi mwao. Mwaka 2017 Wasani wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao za maadili ya utafiti zenye nguzo tano: heshima, uaminifu, haki, kujali na kufuata utaratibu. Nazipenda hizi za Wasani kwa sababu zimeandikwa kwa lugha nyepesi. Mtafiti hawezi kusema hakuelewa.

Mahali panaponipa shida zaidi ni ridhaa. Tunaomba mara mbili: kwanza ya jamii kupitia baraza lake, kisha ya kila mshiriki. Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani, baraza likishakubali, mama aliyekaa nyuma huona haya kukataa mbele ya wakubwa wake. Ndiyo maana sasa ridhaa ya mtu binafsi tunaiomba siku nyingine, mahali pengine, na anayeiomba hatoki barazani wala hana udugu na walioko barazani. Baraza likikataa, tunaondoka, hata kama watu mmoja mmoja wangependa kushiriki. Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami hapo, na hoja yao ina uzito: mgonjwa naye ana haki ya kuamua mwenyewe. Hata hivyo nashikilia msimamo wangu, maana matokeo yatakapotoka yatabeba jina la wote.

Yote haya yanakula muda. Mradi wa miaka mitatu unaweza kumaliza mwaka wa kwanza bila mshiriki hata mmoja, na mfadhili akauliza fedha zimefanya nini. Mwanzoni nilikuwa najitetea. Siku hizi hati ya makubaliano naiandika ndani ya ombi la fedha kama zao la mwaka wa kwanza, pamoja na posho za wajumbe wa jamii na wakalimani. Ndani ya hati hiyo huwa tunataja sampuli zitahifadhiwa wapi na hadi tarehe gani, nani atasoma rasimu ya makala kabla haijaenda kwenye jarida, na atapewa siku ngapi.

Mradi unaofuata una kikao cha kwanza baada ya wiki mbili. Watafiti wameshanitumia maswali kumi na moja. Nimeyaweka pembeni kwanza. Ajenda nasubiri itoke barazani.