Kufungua mafaili yaliyobanwa kwenye terminali: tar, gzip na zip

Kufungua faili lililobanwa kwa mstari wa amri ni kuyatoa mafaili na folda zilizofungashwa ndani yake, yakae kwenye diski kama yalivyokuwa mwanzo, kwa kuandika amri badala ya kubofya. Ndani yake kuna kazi mbili tofauti, na nyingi ya amri zinazogoma hugoma kwa sababu mtu amezichukulia kuwa ni moja.

Kazi ya kwanza ni kufungasha. Mafaili mengi, pamoja na majina, folda, tarehe na ruhusa zake, yanawekwa ndani ya faili moja. Hiyo ni kazi ya tar, programu iliyotoka na mfumo endeshi wa Unix, toleo la 7, mwaka 1979 kwa ajili ya kuhifadhi data kwenye tepu. Yenyewe haipunguzi ukubwa hata kidogo. Tena huongeza walau baiti 512 za maelezo mbele ya kila faili. Kazi ya pili ni kubana, yaani kuiandika data upya kwa baiti chache bila kupoteza kitu. Hapo ndipo wanapoingia gzip ya mwaka 1992, bzip2, xz na zstd. Hizi hubana faili moja tu kwa wakati na hazishughuliki na folda.

Kwa hiyo jina kama linux-6.6.tar.xz lisome kutoka kulia: kwanza ondoa mbano wa xz, kisha toa yaliyofungashwa na tar. Ukitumia gunzip peke yake kwenye faili la .tar.gz, utabaki na .tar ambalo bado halijafunguliwa, na lile la .gz litakuwa limefutwa. Ukitaka libaki, ongeza -k.

Amri inayofanya yote mawili ni hii:

tar -xf linux-6.6.tar.xz

Herufi x ni toa, na f inasema kinachofuata ni jina la faili. Herufi za mbano, yaani z kwa gzip, j kwa bzip2 na J kwa xz, si lazima wakati wa kufungua, kwani tar ya GNU, yaani toleo la tar lililo kwenye Linux, hulikagua faili na kutambua yenyewe. Ukiziandika, zitangulize kabla ya f. Anayeandika tar -xfz data.tar.gz ataambiwa "tar: z: Cannot open: No such file or directory", kwa sababu tar imeichukua z kuwa ndilo jina la faili.

Kabla ya kufungua chochote, tazama kilichomo:

tar -tf data.tar.gz | head

Kama kila mstari unaanza na folda moja, endelea. Kama mafaili yametajwa wazi bila folda ya juu, yatamwagika yote kwenye folda uliyomo na kuandika juu ya yenye majina yaleyale bila kukuuliza. Dawa yake ni kutengeneza folda kwanza:

mkdir data
tar -xf data.tar.gz -C data

Folda ya -C lazima iwepo tayari, tar haitaitengeneza. Pima na nafasi ya diski kwa df -h: chanzo (msimbo) cha Linux 6.6 hupakuliwa kikiwa na zaidi ya MB 100, lakini kikifunguliwa kinavuka GB 1.

Zip ni habari nyingine. Phil Katz aliileta mwaka 1989, nayo hufungasha na kubana kwa pamoja, kila faili likibanwa peke yake, na orodha ya yote ikiwekwa mwishoni. Faida yake inaonekana ukitaka faili moja tu: unzip husoma orodha na kuruka moja kwa moja hadi lilipo. tar haina orodha ya namna hiyo, kwa hiyo hupita faili zima tangu mwanzo:

tar -xf linux-6.6.tar.xz linux-6.6/Makefile

Njia ya faili, yaani folda na jina lake, iandikwe sawasawa na tar -t ilivyoionyesha, hata kama inaanza na nukta na mkwaju. Na hata ikishalipata, tar ya GNU husoma hadi mwisho, maana faili la jina hilohilo linaweza kuwamo tena mbele. Ongeza --occurrence=1 isimame mapema.

Tofauti hiyo inaonekana zaidi mtandao ukikatika katikati ya kupakua. Faili la .tar.gz lililokatika bado litatoa mafaili ya mwanzo mazima kabla ya kulalamika "unexpected end of file"; lile la mwisho kutoka ndilo la kutilia shaka. Zip iliyokatika imepoteza orodha, na unzip itakataa na "End-of-central-directory signature not found". Usirudie kupakua upya ukala bando mara mbili: wget -c huendelea pale ilipoishia, mradi seva inaruhusu. Kisha hakiki kwa gzip -t au unzip -t.

Kosa la "not in gzip format" mara nyingi halihusiani na kukatika. Andika file data.tar.gz usome jibu. Likiwa "HTML document", ulichopakua ni ukurasa wa wavuti, pengine wa kuingia kwenye akaunti, uliohifadhiwa kwa jina la faili ulilotaka. Faili halisi la gzip huanza na baiti 1f 8b, na zip kwa kawaida huanza na herufi PK.

macOS na Windows 10 za tangu 2018 zina tar ya BSD, toleo jingine la tar, inayofungua hata zip. Ya GNU iliyo kwenye Linux haiwezi; huko tumia unzip ripoti.zip -d ripoti. Kwa .7z, amri ni 7z x. Ukiandika 7z e, mafaili yote yatatoka kwenye folda moja na mpangilio wake utapotea.

Na diski isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo, kama ya macOS ilivyo kwa kawaida, inaweza kupoteza faili kimya kimya. Chanzo cha Linux kina xt_CONNMARK.h na xt_connmark.h katika folda moja. La pili kutoka linafuta la kwanza. Kwenye seva, ukifungua kama root (mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote), tar hujaribu kurudisha umiliki ulioandikwa ndani, na mafaili yanaweza kuwa mali ya mtumiaji usiyemjua. Weka --no-same-owner, au fungua kama mtumiaji wa kawaida.