Pete Kugeuka Manjano Si Wizi

Wiki hii tena. Mteja kaitupa pete ya dhahabu nyeupe juu ya kaunta: "Fundi, mliniuzia feki. Imegeuka manjano!" Hapa Kisumu nimeambiwa hivyo mpaka masikio yameota sugu.

Basi tuelewane. Hakuna mgodi wa dhahabu nyeupe popote. Ile wanayochimba Kakamega ni ya manjano, na ya kwingine kote vilevile. Weupe huletwa na sisi masonara: dhahabu huyeyushwa pamoja na metali nyeupe kama nikeli au paladiamu, mara nyingi na fedha, shaba au zinki. Karati 18 maana yake asilimia 75 ni dhahabu tupu, ndiyo ile 750 iliyogongwa ndani ya pete. Robo iliyobaki mara nyingi haiyafuti manjano yote. Pete ikitoka mikononi mwangu kabla ya kuchovywa huwa ya kijivu chenye umanjano kwa mbali. Ule mng'ao uliokupendeza dukani si dhahabu hata chembe, ni rodiamu, metali nyeupe tunayoipaka kwa kuichovya pete, tabaka ambalo mara nyingi halifiki mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Igeuze pete uitazame upande wa kiganjani: ndiko kulikochakaa, kwa kuwa ndiko kunakosuguana na sufuria na usukani. Huku juu, karibu na jiwe, bado kweupe.

Kweli, hata pete ya shaba iliyopakwa huchakaa upande huohuo. Na mhuri ule wa 750 matapeli nao wanaujua. Ukiwa na shaka, ipeleke ikapimwe. Rangi peke yake haithibitishi kitu.

Nichovye upya? Naweza, lakini desturi ya kuchovya kila mwaka inanitia wasiwasi. Kabla ya kuchovya lazima nisugue, na kila nikisugua, dhahabu yako inapungua. Wengine waizoee tu ile rangi yake ya asili. Hereni msizichovye upya, hazisuguani na chochote.

Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Dawa ya meno ni msasa.

Ila jiki! Klorini iliyomo na dhahabu yenye nikeli haviivi chungu kimoja. Huingia kwenye vikucha vinavyoshika jiwe, ikaacha nyufa usizoziona, kisha siku moja kikucha kinakatika na almasi inakwenda na maji machafu. Vua pete kabla ya kufua.

Kidole kikianza kuwasha, rudi upesi: huenda rodiamu imeisha na nikeli inagusa ngozi. Mwenye mzio namshauri anunue yenye paladiamu, ingawa bei yake nayo itamkunisha kichwa.